Swali Nililoona Aibu Kumuuliza Mama Mkwe

Mimi ni mjinga. Naanza hapo ili usije ukadhani unasoma habari za mtu mzuri aliyeteleza. Sikuteleza. Nilikuwa na kichwa kikubwa, na kwa sababu ya hicho kichwa kuna mtoto ambaye hakuzaliwa.

Kazi yangu ni kupiga watu picha za eksirei katika hospitali moja hapa Nakuru. Siitaji jina, na usijisumbue kuitafuta. Watu huniita daktari. Mimi si daktari, lakini sijawahi kumkosoa mtu hata siku moja. Tamu hiyo!

Kuna mwaka tulipelekwa semina ya usalama wa mionzi, sisi wa hospitali pamoja na watu wa maabara wa chuo kikuu. Semina! Nilijua vile huwa: chupa ya maji, mandazi baridi, maneno ukutani, halafu cheti. Mwalimu akaingia. Msichana! Kamwili kadogo, raba miguuni, sauti ya kufunza watoto nyimbo za kanisa. Nikamwinamia mwenzangu Wafula nikamwambia, "Ati huyu ndiye atatufunza? Mimi nilikuwa napiga watu picha huyu akivaa nepi." Tukacheka mpaka watu wakageuka.

Huyo madam akatuambia tukae wawili wawili tufanye mazoezi ya swali moja. Kabla hujampiga mwanamke picha ya nyonga au tumbo, umuulize kama anaweza kuwa na mimba, na hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Wanaume wazima, ndevu zote hizi, tuulizane hedhi! Wafula akabana sauti akasema, "Aki daktari, hata sikumbuki, niko na watoto tisa." Nikakaribia kuanguka kwa kiti.

Madam akaja akatusimamia. "Mnaona ni mchezo," akasema. "Swali hili ni gumu ukikutana na mtu unayemheshimu. Ndiyo maana tunalizoea hapa. Na ukishindwa, mwite mwenzako wa kike akuulizie. Hiyo si aibu."

"Madam, sisi huona kwa macho," nikamjibu. "Mwenye mimba anajulikana tu."

Ukumbi wote ukacheka. Nilijiona mjanja sana! Chai ilipoisha nikatoka nikapeleka gari kuoshwa. Nikarudi jioni wakati wa vyeti, nikajipiga picha na changu, nikaweka kwa status ya WhatsApp. Hayo ndiyo yaliyokuwa masomo yangu.

Miezi michache baadaye mama mkwe akaanguka kutoka kwa mkokoteni wa punda wakibeba viazi kule kwao Olenguruone. Mguu ukakataa kukanyaga, maumivu yote nyongani. Wakamleta Nakuru, na mimi, mkubwa wa mionzi, nikampitisha mbele ya foleni yote. Kulikuwa na mathe mmoja amebeba mtoto aliyevunjika mkono. Alinung'unika, nikamkazia macho akanyamaza.

Sasa elewa. Kwetu mama mkwe humtazami usoni. Humpi mkono ovyo, hukai naye kiti kimoja. Mpaka leo nikimwamkia naangalia viatu. Na mama mwenyewe si mzee, alimzaa mke wangu akiwa msichana mdogo sana. Ningefikiria kidogo tu ningejua bado anaweza kuzaa. Lakini nitafikirije mambo ya mwili wa mama mkwe? Nimuulize hedhi? Mimi? Woi! Afadhali ardhi inimeze!

Chumba cha pili alikuwa mwenzangu wa kike, tunafanya kazi moja, anakunywa chai. Ningesema tu, "Dada, njoo uniulizie mama." Basi! Lakini huyo dada nilikuwa nimemcheka miaka yote kwa sababu yeye huuliza kila mwanamke, hata nyanya asiye na jino. Nitaanzaje kumwomba? Nkt! Nikamwelekeza mama nikiongea na ukuta, nikapiga picha mbili za nyonga. Mfupa ulikuwa mzima. Baba mkwe akanishukuru, nami nikajibu, "Ni kazi yetu, mzee."

Haukupita muda mrefu, mke wangu akaja sebuleni akicheka peke yake.

"Baba Chebet, hutaamini. Mama ana mimba!"

Alikuwa na furaha huyo mwanamke! Ati Chebet wetu atakuwa na mjomba wa kumbeba mgongoni. Ati baba yake anatembea sokoni akisalimia hata watu waliokosana naye. Nikamuuliza mimba ni ya tangu lini. Akaniambia. Nikahesabu kwa vidole: siku ile ya picha mimba ilikuwako tayari.

Hapo mtu mwenye akili angepiga simu. Angemtafuta madam, au daktari wa akina mama. Lakini mimi nani aniambie? Nikaokota vitu nilivyosikiasikia huko nje, sijui vilema, sijui watoto wa vichwa vikubwa, nikamwambia mke wangu kwa ile sauti yangu ya hospitali, "Huyo mtoto ameharibika. Ile picha ilimpata. Akizaliwa atakuwa wa kuteseka."

"Una uhakika?"

"Hii si ndiyo kazi yangu?"

Ningesema sijui. Ni neno fupi, hata Chebet analiweza. Mimi lilinishinda.

Mke wangu alilia, kisha akapiga simu nyumbani. Mama aliuliza kitu kimoja tu: "Ni yeye mwenyewe amesema?" Akaambiwa ndiyo. Hakubishana. Siku chache baadaye akashuka Rhonda, mtaa wa hapa Nakuru, kwa mwanamke fulani anayejulikana kwa kazi ya kutoa mimba. Hospitalini aliona aibu. Na mimi, sikiza huu uchafu, mimi sikutaka aje hospitali yetu, watu wasije wakauliza nani alimpiga picha na kwa nini hakumuuliza swali. Nilimwacha aende Rhonda nikijua! Alitoka damu nusura afe. Wakamkimbiza hospitali nyingine, akasafishwa, akalala huko siku nyingi. Mtoto alikuwa ameenda.

Nami nilifanya nini? Nilimtembelea na matunda, nikakaa kando ya kitanda na uso wa huzuni, mtu wa maana.

Semina nyingine ilipoitishwa, yule madam alirudi. Safari hii nilikaa mbele, kimya. Alipomaliza nikamfuata nje kwenye gari lake.

"Madam, kuna rafiki yangu," nikaanza. Rafiki! Hata hapo nilidanganya. "Alimpiga mama mjamzito picha mbili za nyonga. Hakujua."

Hakunikumbuka, au alinisitiri. Akauliza ni mashine gani, aliweka vipimo gani, mama ni mnene au mwembamba. Akapiga hesabu kwa simu yake.

"Mionzi hiyo ni kidogo sana," akasema. "Huyo mtoto ana nafasi ya kuzaliwa mzima karibu sawa na mtoto mwingine yeyote. Si sababu ya kutoa mimba hata kidogo. Mbona hii niliwafundisha semina ile ya kwanza? Si ilikuwa baada ya chai?"

Baada ya chai. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama nikimwonyesha kijana wa kuosha magari matope yaliyobaki kwenye gurudumu.

Madam akatabasamu. "Mwambie rafiki yako asimtishe mama wa watu. Mama atulie, aendelee na kliniki. Sawa?"

Nikamwambia sawa, nitamwambia.

Najua unangoja niseme nilienda Olenguruone nikapiga magoti. Thubutu! Sijasema. Mke wangu hajui. Baba mkwe siku hizi soko haendi sana, na akienda harudi na hadithi. Na mama, ambaye nilitarajia anichukie, ndiye anayeniua kabisa. Krismasi iliyopita alinitengea maziwa lala ya kwanza mbele ya wageni wote, akasema kama si mimi angeleta duniani mtoto wa kuteseka. Akanibariki! Na mimi nikanywa yale maziwa, nikafuta mdomo, nikasema asante mama, macho kwenye viatu vyake.

Wewe unayekaa nyuma kwenye semina ukimcheka mwalimu, nakujua vizuri, na sikupendi. Kaa mpaka mwisho. Uliza hilo swali, hata kama ni mama mkwe, hata kama utauliza ukiangalia ukuta. Usichokijua kinyamazie.

Na nyinyi akina mama, msingoje kuulizwa na watu kama mimi. Semeni wenyewe kabla ya picha. Na mtu akiwatisha, hata kama ana koti jeupe, hata kama ni wa nyumbani, tokeni hapo mkaulize mwingine, na mwingine tena, kabla hamjafanya lolote. Mama mkwe aliuliza mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mimi.