Kazi ya Binti Niliyoipeleka Kwenye Ukurasa wa Mazoezi

Admin, naomba unifichie jina langu na la chuo. Wengi mnaosoma hapa mna umri wa wajukuu zangu, lakini safari hii mimi ndiye ninayehitaji kuambiwa.

Nina miaka sitini na sita. Nilizaliwa milimani Uluguru, upande wa Matombo, nikaondoka nikiwa na miaka tisa baba alipopata kazi ya reli, kwanza Ngerengere, baadaye Tabora. Maisha yangu yote nimefundisha mikoa ya mbali. Nilipostaafu, chuo kimoja hapa Morogoro kikanipa mkataba, nikadhani narudi nyumbani. Shamba la bibi nililikuta mikononi mwa watu nisiowajua, na Kiluguru changu ni kile kile cha mtoto wa miaka tisa. Kitu pekee ninachoweza kukiita changu ni darasa.

Mwaka huu chuo kiliamua kazi zote za wanafunzi zipokelewe kwenye mfumo wa kompyuta. Tukawekwa kwenye mafunzo, walimu wote. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote mle ndani. Kijana ninayefundisha naye somo moja alikuwa akinitania, "Mzee, bonyeza taratibu, unabonyeza kama unaua kunguni!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilikazana. Mwisho nikapewa cheti mbele ya wafanyakazi wote, mkuu wa chuo akasema vijana waige kwangu. Niliona aibu kukiri kwamba nusu ya mambo sikuyaelewa.

Sasa kuna binti, nimwite Mwanaidi, si jina lake. Kwao ni karibu na Mkuyuni. Ana simu ya kitochi tu, isiyo na intaneti, na chumba cha kompyuta siku za mwisho foleni yake ilifika nje. Akaja ofisini na kazi yake, kurasa sita za mkono, mwandiko safi.

"Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie, nimekosa kompyuta tangu juzi."

Utaratibu unaruhusu mwalimu kumwekea mwanafunzi kazi. Ningeweza kumpeleka kwa yule kijana, dakika tano tu. Lakini nilikuwa na cheti. Nikamwambia, "Niachie, nitaiweka mwenyewe."

Nikazipiga picha zile kurasa, nikafungua ukurasa wa mfumo kwenye simu yangu, nikaziingiza moja moja. Yakatokea maandishi ya kijani: imepokelewa. Nilifurahi kama mtoto. Nikampigia, "Tayari mwanangu, kapumzike."

Wakati wa mafunzo tulipewa kurasa mbili zinazofanana, moja ya kujifunzia na moja ya kazi halisi. Simu yangu ilikuwa imehifadhi ile ya kujifunzia.

Matokeo yalipotoka, Mwanaidi alikuwa na sifuri. Somo lile alikuwa analirudia, kwa hiyo sifuri ile ilimtoa chuoni, kile wanafunzi wanachokiita kudisko. Nilifungua simu yangu, nikaikuta kazi yake imekaa pale pale nilipoiweka, na juu yake neno "mazoezi" kwa herufi ndogo ambazo siku ile sikuziona.

Nilipaswa kwenda kusema saa ile ile. Nikajiambia nitasema kwenye kamati ya kusikiliza malalamiko yake. Kwenye kamati mwenyekiti akaniuliza, "Mzee wetu, binti anadai alikukabidhi kazi mkononi. Uliipokea?"

Nikajibu, "Sikuona kazi yake kwenye mfumo."

Kila neno la jibu lile ni kweli, na lote ni uongo. Wakaandika kwamba mwanafunzi amedanganya.

Juma lililopita alikuja mjomba wake. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtoto, na huyu ndiye aliyesimama mbele ya ukoo akasema msichana asome. Alinisalimia kwa Kiluguru, nikajibu kwa Kiswahili. Aliniletea mkungu wa ndizi.

"Nimekuja kuomba radhi, mwalimu," akasema. "Mtoto wetu amekusingizia. Nimemuuliza mara tatu, bado anashikilia kwamba alikupa. Nikamwambia, mzee mzima, msomi, akudanganyie nini wewe?"

"Mjomba, usimgombeze sana," ndiyo niliyoweza kusema.

"Ningemsamehe kufeli. Uongo, hapana. Mimi sina neno tena naye."

Akaondoka ananishukuru.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikampigia Mwanaidi, nikamweleza yote. Kisha akasema, "Nilijua tu umekosea, mwalimu. Sikujua kama unajua."

Nikamwambia nataka kwenda kwa mwenyekiti kabla muda wa rufaa haujaisha Ijumaa. Akaniuliza, "Si watakufukuza?" Nikasema huenda. Akasema, "Basi chuo acha. Mwambie mjomba tu. Hapa nyumbani nikimpa chakula anapokea, hanitazami."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokwama. Nikienda kwa mjomba peke yake, binti anapata alichokiomba, nami nabaki na darasa langu na sifa yangu. Usiku mzima nafsi imeniambia kwamba ni yeye mwenyewe aliyechagua. Lakini ana miaka ishirini na moja, na amechagua hivyo kwa kunihurumia mimi, wakati mimi sikumhurumia yeye mbele ya watu saba wa kamati.

Mkuyuni nitakwenda kesho asubuhi, hilo sihitaji kuuliza. Ninachowauliza ni hiki: nikitoka kwa mjomba, nina haki ya kuipokea huruma ya binti huyu nikanyamaza chuoni, au niende kwa mwenyekiti hata kama yeye amenikataza? Niambieni msinionee haya kwa sababu ya umri wangu. Leo ni Jumatano.