Mwanaume Aliyemsemea Mwanamke wa Kwenye Filamu

Saluni ninakosukwa nywele, mtaani Mafiga, huonyesha filamu za mapenzi zilizotafsiriwa, zile ambazo mwanaume mmoja huongea juu ya sauti za waigizaji wote, wake kwa waume. Jumamosi moja nilikwenda na mama mkubwa, kungwi wa Mlali anayefunda mabinti tangu mimi sijazaliwa.

Kwenye filamu, mwanamke aliyeketi kitandani alimwambia mpenzi wake kwa Kiingereza avue shati taratibu, kisha asimame palepale mpaka yeye atakapomtaka. Mtafsiri wetu, na ujuaji wake wote, akabana sauti: "Mume wangu, nionee huruma, nimezidiwa."

Mume gani! Mtafsiri huyu hawezi kumstahimili mwanamke anayetaka na bado akaamrisha; lazima ampigishe magoti. Na wasusi nao wakaguna, wakimhurumia dada wa watu.

Mama mkubwa hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alimtazama yule mwanamke, mabega yalivyotulia, akasonya.

"Mwongo huyo anayetafsiri. Anayebembeleza hakai hivyo. Huyo mtafsiri angekuwa amewahi kutamaniwa na mwanamke hata siku moja, angejua."