Kofia Sita kutoka Meksiko

Kofia ile niliichagua mimi. Mke wangu hakuiomba na mwenye duka hakunilazimisha. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu hasira niliyo nayo kwa watu wengine ni nyingi, na sitaki msomaji adhani nimejisahau.

Mimi ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga hapa Ifakara. Ufundi sikuusomea chuoni. Niliupata kwa kufungua mashine zilizokufa na kusoma vitabu vya maelekezo huku kamusi ikiwa magotini. Mke wangu anachanja kuku. Ana pikipiki yake, amefunga kiboksi cha barafu nyuma, na kila wiki huenda vijiji vya njia ya Sanje kuwatia kuku tone la dawa ya kukinga ugonjwa wa kideri jichoni. Njia hiyo ina malori ya miwa, mabasi yenye haraka, na ng'ombe wanaovuka wanapotaka.

Kwa miaka mingi alivaa kile tunachokiita kofia ya trafiki: ganda jembamba la plastiki, ndani halina kitu, unalivaa kwa ajili ya askari wala si kwa ajili ya kichwa. Siku moja lilianguka kutoka mezani kwetu, likapasuka vipande viwili. Niliviokota nikaviangalia. Ilikuwa meza ya kulia chakula, haifiki hata kiunoni. Nikaamua kutafuta kofia ya kweli.

Sokoni kuna muuza mitumba, mtu wa ukoo wa Pwani aliyezaliwa hapa hapa. Siku hiyo alikuwa amefungua belo la vifaa vya michezo.

"Fundi, achana na hivyo viatu," aliniita. "Njoo uone mzigo wa wanaume."

Zilikuwa kofia ngumu sita, zote rangi moja, nzito, zina vyuma mbele ya uso. Ubavuni zilikuwa na picha iliyochubuka na jina la mji mmoja wa Meksiko.

"Za jeshi hizi?"

"Za mpira."

"Mpira gani wa kuvaa kofia?"

"Mpira wa kwao. Wanagongana kama mabeberu. Sasa kama inamfaa mtu anayelipwa ili agongwe, itamshinda mkeo anayekwepa ng'ombe?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilitoa nyundo kwenye begi langu. Niliiweka moja chini, nikaipiga utosini, nikaipiga kisogoni, nikaipiga ubavuni. Haikupata hata ufa. Nikainunua. Nikiwa bado nafunga begi, nilimsikia akipaza sauti, "Mmeona wenyewe! Fundi kapiga nyundo!" Haikupita wiki, zile tano zilizobaki zikaisha.

Mke wangu alipoivaa alijitazama kwenye kioo cha pikipiki. "Umenivisha tenga," alisema, maana vile vyuma vya usoni vilifanana kweli na tenga la kubebea kuku. Lakini aliipenda. Watoto wa njia ya Sanje walianza kumwita Mama Tenga, na walipomwona kwa mbali walikimbia kukamata kuku kabla hajafika. Mfugaji mmoja Msukuma alimwita mama kwa lugha yao, akamwambia, "Mayu, ukivaa hiyo hata fahali wangu atakupisha." Mke wangu alinisimulia hayo huku akivua buti, na mimi nilijiona mtu mwenye akili.

Nina tabia ya kutokaa na kitu nyumbani bila kujua kazi yake. Nilichukua simu, nikaandika jina la ule mji, nikapata timu yenyewe. Ni timu ya wachezaji wanaolipwa, wanacheza mpira wa Kimarekani katika mji huo wa Meksiko, wana uwanja wenye nyasi zilizochorwa mistari na watazamaji waliovaa rangi za kofia yetu. Nilijifunza sheria zao taratibu, nikiandika kwenye daftari. Upande wenye mpira una nafasi nne za kuusogeza yadi kumi. Ukishindwa, unawaachia wapinzani. Mwanzoni niliona vurugu tupu. Baadaye niliona kazi iliyopangwa, kila mtu na sehemu yake, kama mashine. Nikaanza kuupenda.

Kisha, kwenye video moja, nikaona jambo ambalo nililirudia kulitazama mara tatu. Mchezaji aligongwa, akaanguka, akainuka mwenyewe. Hakuwa na damu. Alitaka kuendelea. Mtu asiye mchezaji akamshika mkono, akamtoa nje, akamvua kofia, akamtazama machoni, akamuuliza maswali. Mchezaji alibisha. Yule mtu akaichukua ile kofia akaenda kuiweka mbali, ili mwenye kichwa asipate namna ya kurudi uwanjani.

Jumapili iliyofuata mchana niliigeuza kofia ya mke wangu nikaifungua ndani. Sikuwa nimefanya hivyo siku ya kununua. Mimi, ambaye siwezi kufunga beringi kuukuu kabla sijaizungusha na kuisikiliza, nilikuwa nimepiga ganda tu. Chini ya sponji kulikuwa na stika ya Kiingereza na Kihispania. Niliisoma kwa kamusi, neno kwa neno. Ilisema kofia hiyo ni ya mchezo huo peke yake, isitumike kwenye chombo cha moto. Ilisema lazima ikaguliwe kila baada ya muda, na alama ya ukaguzi wa mwisho ilikuwa ya miaka mingi iliyopita. Niliminya sponji ya kisogoni. Ikamomonyoka vidoleni kama pumba.

Nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka yote. Kule kichwa kimoja kina mtu wa kukilinda, na mtu huyo analipwa kwa kazi hiyo. Kofia ilipokwisha kazi, walijua imekwisha, ndiyo maana waliitoa. Lakini hakuna aliyeivunja. Aliyeitoa hakuivunja, aliyeitia kwenye belo hakuivunja, aliyeipakia melini hakuivunja. Kila mmoja aliona bado kuna kichwa mahali fulani ambacho itakitosha. Na mwisho wa safari yote hiyo nilikuwa nimesimama mimi na nyundo.

Asubuhi yake nilimwambia mke wangu. Alikuwa anapanga barafu.

"Haifai," nilisema. "Ndani imekufa."

"Sawa. Nivae ipi?"

"Usiende kwanza."

"Dawa ikishatoka kwenye friji haisubiri, baba watoto. Na kideri hakisubiri. Nipe nyingine, hii naivua sasa hivi."

Sikuwa nayo, akaivaa ile ile akaondoka. Nilizunguka maduka yote ya vipuri vya pikipiki. Kila kofia niliyoishika niliibonyeza kwa dole gumba, na kila moja ilibonyea. Muuzaji mmoja alininyang'anya. "Fundi, hiyo ni ya trafiki. Usiibonyeze, utaniharibia."

"Ya kichwa iko wapi?"

"Ya kichwa?" Alimgeukia mwenzake. "Eti mzee anataka ya kichwa!" Wakacheka. Kisha akaniambia niagize Dar, nisubiri kama wiki mbili. Niliagiza.

Katika wiki ya pili mke wangu alirudi na tope kwenye vyuma vya kofia na mkono wa shati umechanika. Alisalimia, akaingia kuosha kiboksi. Nilimfuata.

"Umeanguka."

"Nimeteleza. Lori lilinibana pale darajani, nikashuka pembeni. Nimeinuka, nimechanja kuku wote."

"Kaa hapa. Nitazame. Fuata kidole changu."

"Unanipima kama kuku?"

"Leo siku gani? Ulianzia nyumba ya nani?"

Alijibu yote sawasawa, kwa sauti iliyozidi kupanda. Mwisho alisema, "Nimekuwa barabarani miaka yote hii na plastiki ya trafiki kichwani, hukuniuliza leo siku gani. Leo umeona kwenye simu wachezaji wa Meksiko wanaulizwa, ndiyo na mimi nina kichwa?"

Nilichukua ile kofia nikaifungia kwenye boksi la vyombo vyangu. Alinuna, lakini hakutoka siku tatu. Ya nne mzigo wa Dar ulifika. Niliibonyeza kofia mpya, ikagoma kubonyea. Nilifungua ndani nikiwa pale pale dukani, muuzaji akiguna. Mke wangu anaivaa hadi leo, ingawa watoto wa Sanje wanalalamika kwamba sasa hawamtambui.

Muuza mitumba alisikia kwamba tumepata mpya. "Niletee ile ya zamani, fundi," alisema. "Nina mteja wa Mlimba."

Nilimwonyesha stika. Nilimmomonyolea sponji kiganjani.

"Si atabandika nyingine?" alisema.

Nilikwenda mashineni nikaibana kofia kwenye jiliwa, nikaikata katikati kwa msumeno wa chuma. Ganda lilinitoa jasho. Lilikuwa gumu kweli. Ndani ilimwagika pumba.

Zimebaki tano. Nimezitafuta, na hadi sasa nimeona mbili. Ya kwanza mwenyewe alinifukuza. Ya pili niliiona Lipangalala, kwa dereva wa bodaboda, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kofia hiyo ni mbovu. Nipe, nikuagizie mpya."

"Hii?" Aliigonga kwa vidole, ikalia vizuri. "Mzee, hii ilipimwa. Kuna fundi aliipiga nyundo sokoni, watu wakashuhudia."

"Fundi mwenyewe ni mimi."

"Basi nakushukuru sana," alisema, akawasha pikipiki akaondoka.