Tournoi yangu ya poker Nguba: kosa la kufanya maharagi kuwa jetons

Wakuu, jambo kwenu wote.

Mimi ni musomaji wa hapa tangu siku mingi, lakini napitaga kimya, sawa mutu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Leo naandika juu nimechoka kubaki na hii mambo peke yangu. Majina nimebadilisha. Ujinga sikubadilisha, iko vile vile ulivyokuwa.

Munifahamu kwanza kidogo.

Niko musichana wa Nguba, Bukavu, bado niko humanités, yaani sekondari. Niko na haya sana. Mu classe, professeur akiuliza swali na najua jibu, naliandika pembeni ya cahier na kuacha mwingine alipeleke. Jioni naandika mu journal yangu yale yote nilipaswa kusema muchana. Papa anasemaga, "Huyu mutoto iko na sauti ya mushumaa."

Sasa mutauliza: mutu wa namna ile anaandaa tournoi ya poker kwa nini?

Ni juu ya marafiki, wakuu. Siku hizi kwetu kila mutu anapenda kuwa ndani mbele ya giza. Wazazi hawataki watoto wazunguke. Basi watu wanakutana kwa nyumba ya fulani ao ya fulani. Na kwetu hakuna anayekujaga, juu Papa hapendi kelele. Kila congé ya masomo wengine wanacheka pamoja fasi fulani, mimi naona tu photos.

Yaya wangu wa kiume, kaka yangu mukubwa, mbele ya kuenda kusoma Kinshasa, aliniachia karata zake na akanifundisha poker. Nikajisemea: hii ndiyo njia. Mu poker hauna lazima ya kuongea sana. Wanaokaa kimya ndio wanaogopwa.

Nikapita kwa Maman, Maman akapita kwa Papa. Papa akaniita.

"Poker? Ile ya majambazi mu filme?"

"Hapana Papa. Hakuna franga. Ni muchezo tu."

"Na munashindania nini?"

Nikamuonyesha coupe, kombe ya zamani ya yaya, ile alipata mu mpira, yenye kuvunjika sikio moja.

Papa akaigeuza-geuza mu mikono. Kisha akasema: "Nakupa samedi moja. Moja tu. Lakini nikisikia ugomvi mu salon yangu, karata zinaishia pale pale. Na hao marafiki, sitaki tena kuwaona hapa."

Mushike hiyo, wakuu. Jumamosi moja. Bila ugomvi.

Sasa jetons, vile vidude vya kuchezea pa nafasi ya franga. Vya kweli hatuna. Lakini tuko na gunia ya maharagi mélange, tantine, shangazi yetu, anatutumiaga toka Kavumu: meupe, mekundu, meusi, yote pamoja. Nikaona mwenyewe vile niko na akili. Nyeupe itakuwa tano, nyekundu makumi mbili na tano, nyeusi cent. Nyeusi ziko kidogo mu ile mélange, basi inafaa ziwe za bei.

Nilichambua wiki muzima. Haragi yenye kutobolewa na mududu niliitupia kuku. Yenye kupasuka, kuku. Nilitaka jetons safi. Maman akanikuta nimeinama ku lungo ya kupepetea, akafurahi sana, akafikiri hatimaye nimependa kazi ya jikoni. Sikumuharibia furaha.

Halafu nikafanya ile kitu.

Juu napenda mambo ipangwe vizuri, nilituma message mu groupe mbele ya samedi: saa ya kuanza, sheria, na valeur, bei ya kila haragi. "Nyeusi = 100." Nikaweka na ka-photo.

Hakuna aliyejibu. Neema peke yake alitia kidole juu.

Samedi ikafika. Nilisema saa tisa. Saa tisa nilikuwa peke yangu na meza, napanga viti, napangua, napanga tena. Walianza kuingia saa yenye nilikuwa nimeanza kuandika mu kichwa namna nitaelezea Maman kama hakuna aliyekuja.

Wachezaji walikuwa watatu, mimi croupier, yaani mwenye kugawa karata.

Neema, tunakaa banc moja ku masomo. Aganze, cousin wangu wa Bagira, ambaye anajua kila kitu juu iko na telephone yenye connexion. Na Bahati, mutoto wa jirani, wamehamia parcelle ya pembeni juzi juzi. Bahati hasemi mingi. Nilimualika kwa message, juu kumualika kwa mudomo kulinishinda.

Papa akachukua radio yake, akaenda kukaa ku barza. Dirisha akaiacha wazi. Makusudi.

Tukaanza. Ao tuseme tulijaribu kuanza.

Neema: "Dame, ile malkia, anapiga valet?"

"Ndiyo."

"Na roi, mufalme, anapiga dame?"

"Ndiyo, Neema."

"Juu ya nini?"

"Ni karata, Neema."

"Nauliza tu. Ni nani alipanga ile?"

Aganze naye kila mara nikigawa anatoa telephone. "Ku internet hawafanye vile." Nikigawa kuanzia kushoto, ku internet ni kulia. Nikisema sheria ya yaya, anacheka: "Yaya wako alijifunza wapi, ku internat ya masomo?" Na mvua ikaanza ku tôle, mabati ya paa, mutu akisema "napita" mwingine anasikia "nafata", tunarudilia. Bahati yeye alikuwa anakula karanga. Niliweka sahani ya karanga karibu na maharagi, hiyo nayo musinilaumu, nimekwisha kujilaumu mwenyewe.

Nilikuwa nagawa na tabasamu ya mutu ambaye iko na jino linauma.

Sasa angalieni. Mu tournoi watu wanatoka moja moja. Jetons zikikuishia, unaondoka ku meza, na wa mwisho anabeba coupe. Ndiyo muchezo wenyewe.

Kwetu hakuna aliyekuwa anatoka.

Neema alifanya tapis na karata mbaya kabisa. Tapis ni kusukuma jetons zako zote katikati, ukipoteza umekwisha. Akapoteza. Nikamuambia kwa upole, "Neema, pole, umekwisha." Akainua sahani ya karanga, chini kukawa maharagi. "Eh! Hizi nilizisahau."

Sawa. Nikafikiri nilihesabu vibaya.

Maman akaleta beignets, mandazi ya moto, nikatangaza pause, nikaenda jikoni kumusaidia na chai. Kurudi, meza ilikuwa imenona. Mbele ya Aganze kulikuwa mulima mweusi. Nyeusi! Zile nilitafuta wiki muzima, moja moja, mu gunia.

Nikakaa. Nikagawa.

Aganze akafanya tapis juu ya Bahati. Akasukuma ule mulima na mikono mbili, "Tapis, mutoto wa jirani! Leo unaenda kulala mapema." Bahati akaangalia karata zake, akaangalia mulima.

Na pale pale, mu ule mulima, jeton moja ikatembea.

Wakuu, siongeze chumvi. Haikuwa jeton, ni kadudu kalitoka ndani yake, kale kadogo ka maharagi, kakapanda juu ya karata moja, valet ya carreau, kakasimama.

Nikaangalia vizuri. Haragi ilikuwa na tundu. Ya pembeni, tundu. Ingine, tundu mbili. Na zetu Maman anazichanganyaga na majivu ya kufukuza wadudu, na zenye tundu zote zilikwenda kwa kuku. Na mikono yangu mwenyewe!

Nikasikia Papa anapunguza radio.

Hapo ndipo niliteseka. Nikisema, ni ugomvi, na Papa alisha ongea. Nikinyamaza, Bahati anatolewa na maharagi ya Bagira, na tournoi yangu yote ni uongo. Aganze alikuwa anapiga vidole ku meza. "Unagawa ao unasali?"

Nikasema, kwa ile sauti yangu ya mushumaa:

"Aganze. Hizi haragi hazitoke kwetu."

"Nini?"

"Hizi haragi. Hazitoke kwetu."

Akacheka. "Haragi ni haragi! Iko na kitambulisho, carte d'électeur?"

"Ziko na wadudu."

"Basi ziko hai, zina valeur zaidi."

Neema akaingiza mukono mu mufuko wa jacket ya Aganze, haraka haraka, akatoa nyeusi kiganja kizima. "Weye Aganze, mwizi kabisa! Mie nilileta kidogo tu!"

Nikaweka karata chini.

"Neema," nikasema, "ulileta kidogo nini?"

Neema akajiziba mudomo.

Nikamugeukia Bahati. Bahati wangu mupole, mwenye kudhulumiwa, ambaye nilikuwa nataka kuvunja amri ya Papa juu yake. Akatoa mu mufuko wa suruali ka-sachet, kamefungwa vizuri na fundo, akakaweka ku meza polepole.

"Uliandika mu groupe nyeusi ni cent," akasema. "Nilifikiri kila mutu anakuya na zake."

Wakuu.

Mimi ndiye nilitangaza. Nilitangazia watu wa Bukavu, mbele ya siku, na photo, kwamba ile kitu iko mu kila jikoni ya muji inageuka mali. Hata mutu mwema hangeacha kuingiza mukono mu gunia ya mama yake!

Lakini sikufikiri hivyo saa ile. Saa ile niliona wiki yangu muzima, mugongo unauma ku lungo, kuku wananona, viti napanga napangua.

Nikalia. Siyo machozi, sauti. Nilipiga kelele: "Nilichambua WIKI MUZIMA! Moja moja! Na munakuya na ya wadudu! Mu salon yetu! Munaonaga mimi ni mujinga juu sisemi?"

Nilisimama na kiti kikaanguka. Niliendelea. Sijui nilisema nini ingine, Neema ananiambia nilitaja na kuku.

Mulango ukafunguka. Papa, radio ku mukono.

"Ile sauti ni ya nani?"

Aganze, ambaye anajua kila kitu, alikuwa anasoma dari.

"Nimeuliza. Nani alikuwa anapiga kelele?"

"Ni mimi, Papa."

Akaniangalia. Akaangalia wale watatu, sawa mutu anayetafuta nani amemudanganya. "Weye?"

Basi ugomvi uliingia mu salon, na ni mimi niliuleta. Nilikuwa nakwisha, wakuu. Nikamuelezea yote, nikiwa bado nasimama, bado na sauti kubwa juu sikujua namna ya kuirudisha chini. Kadudu kalikuwa bado ku valet ya carreau, nikamuonyesha.

Papa akainama, akakaangalia karibu sana. Mabega yake ikatikisika kidogo. Aliponyooka, uso ulikuwa wa Papa.

"Nilisema ugomvi ukifika, karata zinakwisha. Zimekwisha. Leteni."

Nikamupa karata.

Maman akaja na bassin, akaingiza meza yote ndani: nyeupe, nyekundu, nyeusi, za kwetu, za Bagira, za sachet, na karanga mbili tatu. "Muko na bahati, mumeongeza chakula." Giza ilikuwa inakaribia, wakaanza kuvaa viatu. Hakuna aliyeniangalia. Nikajua: ndiyo ile, ni mwisho, sasa ni photos tu tena.

Wamefika ku mulango, Papa akasema, na mugongo wake kwetu:

"Karata ndiyo nilikataza. Maharagi ni yenu, mulileta wenyewe. Kesho mukitoka misa mukuye muyakule."

Walikuja wote watatu. Aganze toka Bagira, na wa kwanza kufika, sijui ni muujiza gani.

Asubuhi Maman alikuwa ameniita ku bassin. "Njoo uone jetons zako." Maharagi ya wadudu yakiwa ndani ya maji yanaelea. Juu ya maji kulikuwa nyeusi tupu, unaweza kutembea juu yake. Zangu zilikuwa chini, kidogo, safi. Nilizipika mwenyewe. Zile zingine, kuku.

Tulikula na sombe, majani ya muhogo, na Neema akauliza kama dame anakulaga mbele ya roi, na Papa akacheka hadi akakohoa. Coupe iko bado ku étagère, rafu ya salon, na sikio lake moja. Hakuna aliyeishinda.

Somo langu liko fupi: ukifanya tournoi, jeton isiwe kitu ambacho jirani iko nacho jikoni. Na kama ni lazima, usitangaze bei mu groupe. Na ile ya kusema mapema, wakati bado unaweza kusema polepole, nayo najifunza.

Nilimuomba Papa karata. Akajibu: "Siku utapata jetons zenye haziwezi kupikwa, tutaongea."

Kwa hiyo, wakuu, munisaidie. Munachezeaga na nini kwenu? Kitu rahisi, kisichopikwa, na ambacho mutu hawezi kukitoa kwao.

Musiniambie vifuniko vya chupa. Jana nimeona Bahati anaviokota ku njia.