Screen ilionyesha beberu mweupe, Hussein akaitwa mwizi

Wakuu, salamu kutoka mji wa Wote. Nimechoka, lakini hii stori imekataa kutoka kichwani, wacha niitoe hapa. Ilinipata mimi mwenyewe na siongezi chumvi.

Mimi hurepea vifaa vya elektroniki na kuandika code kidogo.

Kuna kikundi cha wafugaji kule Nunguni, wengi ni akina mama wa kanisa moja. Simu zao ni kabambe tu, zile ndogo za kubonyeza, kwa hivyo waliwekewa screen kubwa kwa ofisi. Hussein, mfanyabiashara Msomali wa mifugo kule Tseikuru, alikuwa anatuma picha za mbuzi, nao wanakikundi wanakaa pamoja, wanachagua.

Walitaka beberu wa aina ya Galla wa kuzalisha, mweupe kabisa. Wakamwona kwa screen, wakakubaliana.

Beberu akafika rangi ya krimu, kama maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo. Shingoni ana mabaka ya hudhurungi iliyopauka.

Mwenyekiti wao, Mama Mutheu, akanipigia simu. Hakutaka nirepee kitu. Alitaka nitoe ile picha kwa screen iwe ushahidi kwa chifu.

"Huyo Msomali ametubadilishia mnyama," akaniambia. "Sisi wote tuliona mweupe."

Nikaenda. Kweli, kwa screen mbuzi ni mweupe kama unga.

Nikafungua picha hiyo hiyo kwa laptop yangu. Krimu. Na mabaka yako pale pale shingoni.

Nilikaa chini kwanza.

Kwa wale hawajui hizi vitu: kila nukta ya picha ina rangi, na rangi huhifadhiwa kwa bits. Bits zikiwa nyingi, rangi zinazokaribiana zinatofautishwa. Picha ya Hussein ilikuwa ya 24 bits, mamilioni ya rangi. Lakini ile screen ilikuwa na memory ndogo. Driver, yaani programu inayoiendesha, ikiombwa 24 ilikuwa inashuka yenyewe hadi 8, rangi 256 tu. Na haileti error yoyote.

Katika mpango huo wa 8, bluu ndiyo hupata bits chache zaidi, na krimu hutofautiana na nyeupe hasa kwa upungufu wa bluu. Krimu ikikosa mahali pa kukaa, inasukumwa kwa nyeupe, pamoja na yale mabaka yaliyopauka.

Nikaweka laptop kando ya screen, nikamwita Mama Mutheu. Aliangalia huku, akaangalia kule.

"Kwa hivyo hakutudanganya."

"Hapana, mama. Ni screen."

"Na mimi nimeshasema kanisani," akasema. "Hata sokoni nimesema." Akavuta kiti akakaa.

Kazi yenyewe ilinimaliza nguvu. 24 bits hazingeenea kwa memory ile hata ufanye nini. Nikapunguza resolution, yaani idadi ya nukta, nikaweka 16 bits. Picha ikapoteza ukali kidogo lakini krimu ikarudi krimu. Halafu nikaongeza maandishi ya onyo juu ya picha, yanatokea tu rangi zikipunguzwa. Hiyo ni mistari michache ya code. Ingekuwepo tangu mwanzo, singekuwa naandika huu uzi.

Mama Mutheu akampigia Hussein mbele yangu, simu ikiwa loudspeaker. Aliomba msamaha bila kujitetea.

"Mama, nimekusamehe," Hussein akasema. "Lakini jina langu limefika mjini Mwingi kabla yangu. Watu wananiuliza ni mbuzi gani nilibadilisha. Kwa picha siuzi tena. Mwenye kutaka mbuzi aje amshike kwa mkono wake."

Beberu alibaki Nunguni na wanasema watoto wake ni wazuri. Mama Mutheu alisimama kanisani akarekebisha maneno yake. Sijui wangapi walisikiliza. Yale ya kwanza waliyasikia vizuri.

Screen sasa iko sawa, rangi zimekaa vizuri. Hakuna mtu anatuma picha.

Nilichojifunza ni hiki: kifaa kikishindwa, kiseme kimeshindwa. Kikinyamaza, lawama itatafuta mtu, na mara nyingi itampata yule mgeni.

Wenye mnaandika driver, nyinyi mnashusha rangi kimya kimya ama mnakataa kabisa? Na wafugaji, mngekuwa Hussein mngerudi kuuza? Semeni. Nitasoma zote, nikichelewa kujibu mnivumilie.