Fundi wa Kibarazani

Jengo la kona lilianza kama duka la vitambaa, na Fundi alishona nguo kibarazani pake. Mwenye duka alipofariki, wanawe wakaliuza. Likawa duka la dawa, kisha ukumbi wa harusi, kisha ghala la magodoro. Kila tajiri mpya alimkuta Fundi na cherehani yake, akamwacha palepale kama nguzo. Waliopotea walimuuliza yeye: "Mzee, duka la dawa limehamia wapi?" Aliwaelekeza huku akifoka kwamba yeye si kibao cha barabarani.

Sasa ni benki. Benki gani hiyo inayoogopa cherehani! Walimkataza kushona pale, wakampa kazi ya ulinzi, akakubali, maana mkewe ametangulia na nyumbani hana wa kumsemesha. Sare inampwaya mabegani, na cherehani ya kuipunguzia alishaiuza.

Jana alikuja mama mmoja na gauni mkononi.

"Shikamoo baba. Hapa palikuwa na fundi, alinishonea hili la harusi. Amehamia wapi?"

Fundi aliligeuza pindo, akaujua mshono wake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Yule alihama zamani. Hakumuaga mtu."