Filimbi ya Wifi

Kabla ya filimbi, wifi yangu alijulikana kwa kuuza mkaa tu. Kaka mtu ndiye aliyenioa mimi, na mtaani aliyejulikana ni mimi, fundi cherehani. Basi wataalamu wa volkano walipokuja kutafuta mtu wa kuonya watu mlima ukichafuka, nikajua kazi ni yangu. Wakamchagua yeye. Ati ana pumzi.

Wakampa filimbi na kizibao cha rangi ya chungwa. Kikampwaya, akaniletea nikipunguze, bila hata haya. Nilikibana hasa, tuone hiyo pumzi. Akakivaa vivyo hivyo mpaka sokoni, anaringa. Wivu ulinikaba, sikatai.

Somo lake lilikuwa moja: filimbi ikilia, msishuke bondeni, pandeni shuleni kilimani, maana gesi ya mlima ni nzito, hutuama mabondeni kama maji. Mimi na wateja wangu tulicheka mbavu hatuna. Tangu lini mtu akakimbia moto kwa kuufuata? Lakini mama yangu mzazi, ninayeishi naye, miguu mibovu, aliitikia kila neno la wifi. Hilo liliniuma kuliko yote.

Asubuhi moja ardhi ikatetemeka, ikaja harufu ya mayai viza. Filimbi ikalia, watu wakapanda. Mimi nikamkokota mama kuelekea kijitoni, mbali na mlima. Nipandishwe na filimbi ya muuza mkaa, mimi? Kule chini mama akaanza kukohoa, akaanguka. Nami kichwa kikawa kinazunguka, kumnyanyua siwezi.

Wifi akatokea, kitambaa kibichi mdomoni. Akamtupa mama mgongoni mwake kama anavyobeba magunia yake.

"Shika kizibao changu, wifi. Usiachie."

Nikashika. Njia nzima nilisikia mishono yangu ikiachia.

Shuleni, mama alipofumbua macho, aliuliza, "Mwanangu yuko wapi?"

Nikamwambia niko hapa.

"Si wewe. Wa filimbi."

Kesho yake mbuzi walikutwa wamekufa kijitoni, palepale tulipokuwa. Wifi akaleta kizibao, kimechanika makwapa yote mawili. Mama akaniagiza kutoka kitandani nikishone vizuri, mwanawe asibanwe. Mwanawe! Nikashona, meno nimeyauma. Safari hii niliacha nafasi ya mgongo, maana mama ninaye huyohuyo mmoja.